Kozi za Mwezi na Kozi ya Giza

Mdogo wangu Honorine huchagua masomo yake ya masteri kwa kutazama mbinguni. Cheka kwanza, umalize, kisha nikueleze. Hata hapa Uvira watu walicheka, tena walicheka vizuri, wakishikana mabega.

Ana kipe. Kwa asiyelijua ziwa letu, kipe ni mitumbwi iliyofungwa pamoja kwa miti, na wavu mkubwa unashushwa katikati yake, na taa zinawaka juu ya maji ili ndagala, dagaa wetu wadogo, wazifuate. Taa hizo zina maana usiku wa giza tu. Mwezi ukijaa, samaki haoni sababu ya kuifuata taa ya Honorine wakati Mungu amemwashia yake bure. Kwa hiyo wavuvi wetu hufanya kazi siku za giza, na siku za mbalamwezi hubaki nchi kavu, wanashona nyavu, wanakaa na wake zao, wanagombana na wake zao. Ndivyo alivyoishi baba yetu, na baba yake vilevile.

Kipe ilikuwa ya baba. Magoti yalipomshinda alituita, akauliza nani anaitaka. Kaka yetu alikwisha kuhamia Kinshasa. Mimi nilishika pua. Sioni aibu kusema: ninauza vitenge katika soko la Mulongwe, na kitenge kinachonuka ndagala hata bure hakichukuliwi. Honorine, aliyekuwa amemaliza chuo na anafundisha watoto wa shule hesabu, akasema, "Minye, papa." Baba akamtazama, kisha akamtazama mume wake Cyprien aliyekuwa amekaa pembeni. "Iko yako," alimwambia Honorine. "Haiko ya bwana yako." Cyprien ni muuguzi, mtu mpole wa zamu za usiku. Alicheka tu, akasema yeye hata mtumbwi wa karatasi hawezi kuuongoza.

Pwani ya Kalundu ilisema mwanamke hatamaliza msimu mmoja. Wakati huo mtoto wake wa kwanza, Shalom, alikuwa mgongoni. Leo Shalom anamzidi mama yake kwa kichwa kizima, na wavuvi bado wanamwita mdogo wangu Mama Shalom, na bado wanatoka jioni na taa zake. Kwa hiyo Kalundu ikae kimya.

Sasa tuje kwenye masteri. Maprofesa wa masomo hayo hawakai hapa. Profesa anatoka Bukavu, anashuka milima, anapita bonde la Ruzizi na mashamba ya mpunga ya Luberizi, anafika na vumbi mpaka kwenye kope, anafundisha kozi yake yote kwa muda wa majuma mawili, asubuhi mpaka jioni, kisha anafunga mkoba na kurudi alikotoka. Kila kozi ina tarehe zake. Mwanzoni mwa muhula Toussaint, mwandikishaji wa wanafunzi, anabandika tarehe ukutani. Wengine wanasoma jina la kozi, halafu jina la profesa, ili wajue kama ni mkali. Honorine anasoma tarehe peke yake. Anafumba macho, anahesabu mwezi utakuwa wapi. Kozi ikiangukia mbalamwezi, anaichukua. Ikiangukia giza, anaiacha ipite kama gari lisilokuwa la kwao.

Namna hiyo alisoma Maadili ya Biashara, na Takwimu, na nyingine ambayo jina lake refu lilinishinda. Zote zilikuwa kozi za mwezi. Alizipita zote kwa alama kubwa, mbele ya vijana ambao hawajawahi kuamka na kipe. Mimi si mtu wa kujivuna. La, najivuna, kwa nini nikudanganye? Sokoni nilimwambia kila mteja, hata wale waliokuja kuuliza bei tu.

Utauliza kwa nini asiache mtu mwingine apokee samaki, yeye aende kusoma anachotaka. Nami nitakujibu kwamba wewe si mtu wa ziwani. Kipe ikirudi alfajiri, mwenyewe sharti awe pwani. Si kwa sababu ya wizi, ingawa wizi upo. Ni heshima. Anaingia majini, anawasalimu wavuvi wake, anapokea kamba, na kabla mnunuzi yeyote hajagusa beseni, anawagawia kwa mkono wake samaki wa kupeleka nyumbani. Tunawaita samaki hao mboga. Mkono mwingine ukigawa mboga, wavuvi wanasema kipe imebadili mwenyewe, na kila mmoja anajiona huru kwenda kwingine. Kuna bwana mmoja alimtuma shemeji yake ampokelee kwa sababu ya malaria. Alipopona, aliikuta mitumbwi yake imefungwa vizuri kabisa, na mvuvi hata mmoja hakuna.

Na Cyprien? Huyo ndiye asiyefaa kuliko wote. Siku mume akigawa mboga, pwani nzima itasema, "Si tulisema?"

Muhula huu kulikuwa na kozi nne za kuchagua, na Honorine alihitaji mbili ili amalize. Kila mtu alimchagulia. Mchungaji wetu alitaka achukue Uongozi, kwa kuwa kanisa linatafuta mwanamke wa kuongoza kamati. Itangishaka, mwenzake darasani, mtoto wa wafugaji wa Rurambo huko juu milimani, alimsihi achukue Ushirika pamoja naye. Alisema mambo ya wafugaji na wavuvi yanafanana, lakini nadhani alitaka mtu wa kumwazimisha maandishi, maana huyo kijana anaandika kama kuku anaparua. Mimi nilitaka achukue Biashara ya Mipakani, ili anieleze mambo ya forodha ya kwenda Bujumbura bila kunitoza kitu. Zote tatu zilikuwa za mwezi. Ya nne ilikuwa Fedha za Miradi, na iliangukia katikati ya giza.

Alikuja mezani kwangu sokoni, akakaa juu ya bunda la vitenge, jambo ambalo simruhusu mtu mwingine yeyote.

"Yaya," alisema, maana hapa ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "ile ya Finansi iko mu giza."

"Basi uiache. Uchukue ya mipaka. Iko mu mwezi, na itanisaidia na minye."

"Ya mipaka nitaichukua. Lakini na Finansi naitaka."

"Kuitaka haiko kuipata."

"Yaya, unisikilize kwanza. Benki inapatiaka muvuvi kredi namna gani? Inamwambia alipe kila mwisho wa mwezi. Ziwa inajuaka mwisho wa mwezi? Mu giza tuko na samaki, mu mbalamwezi tuko tunakaa bure. Siku ya kulipa ikianguka mu mbalamwezi, banakamata mitumbwi ya muntu. Minye nataka kujua kredi inatengenezwaka namna gani, ili nibaandikie namna ingine, yenye kufuata giza. Kazi yangu ya mwisho njo hiyo. Bila ile kozi, hakuna profesa atakubali kuisimamia."

"Ungoje mwaka kesho."

"Ule profesa anahamia Kinshasa. Hatarudia."

Nilimwambia mshika mbili moja humponyoka. Akanitazama kwa yale macho ya marehemu baba. "Na Mungu alitupatia mikono ngapi, yaya?" akauliza. Nilimwambia aondoke juu ya vitenge vyangu.

Moyoni lakini nilishtuka. Miaka yote hiyo nilidhani mdogo wangu anatafuta karatasi ya kutundika sebuleni, kama wengi. Nilimwonea fahari kwa karatasi hiyo tu. Sikujua kwamba alikuwa anakaa katika kozi za mwezi, anasoma maadili na takwimu kwa utiifu, huku anangojea kozi moja. Sasa imefika, na imefika mahali pabaya. Akiichukua, anaweza kubaki na mitumbwi mitupu. Asipoichukua, atapata karatasi yake na hatapata alichokifuata.

Jumamosi, mwezi ukiwa umejaa na wavuvi wako nchi kavu, aliniomba nimsaidie kubeba chakula kwenda Kalundu. Bugali, maharage, na sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo. Nilidhani ni ukarimu. Wavuvi walikuwa wamekaa mchangani na wavu umetandazwa juu ya magoti yao, kila mmoja na sindano yake. Ildephonse, nahodha, alikuwa katikati. Ni mtu wa zamani, alianza kazi na baba yetu, na akishona wavu hainui kichwa hata radi ikipiga.

Walipokwisha kula, Honorine alisimama. Sasa, mwenye kipe haombi. Anasema, na wavuvi wanakubali au wanaondoka. Ndiyo maana mimi mwenyewe nilidhani sikusikia vizuri.

"Bandugu," alisema, "giza yenye inakuja, sitakuwa hapa asubuhi. Niko naenda kusoma kozi moja, kila siku, mpaka profesa amalize. Nimekuja kubaomba."

"Kuomba?" alisema Vainqueur, mdogo wao kwa umri na mkubwa wao kwa kelele.

Ildephonse aliendelea kushona. "Na nani atatupokea?"

"Yaya Élisabeth."

Mwiko ulikuwa mkononi mwangu. Wale watu walicheka mpaka wavu ukawatoka magotini. "Mama mukubwa?" alisema Vainqueur. "Huyu wa kushika pua?"

Hasira ilinipanda, na nikipandwa na hasira sina pwani wala kanisa. "Weye Honorine! Nani alikuambia nitakubali?"

"Hakuna," alisema, bila kugeuka. Kisha akageuka. "Njo maana nakuomba na weye mbele yao, yaya. Weye njo damu ya papa. Hakuna mwingine."

Fikiria ujanja huo. Sokoni ningekataa na angejua nimekataa. Pale, mbele ya wavuvi wa baba yangu, na sufuria nimezibeba mwenyewe kwa kichwa changu, ningekataa kwa mdomo gani? Anajua pa kuombea. Kama hilo nalo linafundishwa kwenye masteri, basi ada yake ni halali. Nilimtazama amesimama pale na mchanga miguuni, mwanamke anayeomba mahali ambapo hakuna mwenye kipe aliyewahi kuomba, nikaona kwamba hakujishusha hata kidogo. Alikuwa mrefu kuliko sisi wote.

"Nitapokea," nilisema. "Lakini muntu asiniletee tena maneno ya pua."

Ildephonse alikata uzi kwa meno. "Mama Shalom, weye njo mwenye kusema. Lakini moyo ya muntu haiombwaki. Tutaona siku ya kwanza."

Hakusema zaidi, na hakukuwa na haja. Wote tulijua kwamba bwana wa kipe ya jirani, mwenye injini mpya na taa mpya, alikwisha kumtumia Ildephonse salamu za kumvuta kwake mara nyingi.

Jumatatu nilimsindikiza kwa Toussaint. Na yeye alikuwa amezoea mambo ya mdogo wangu. Aliposikia Fedha za Miradi aliinua kalamu juu ya karatasi. "Mama, ile iko mu giza," alisema kwa upole, kama mtu anayemwonya mwingine kwamba kiti kimevunjika.

"Andika," alisema Honorine.

Siku ya mwisho kabla ya giza alikuja kwangu kunionyesha mabeseni yapi ni ya nani, nani anakaa upande gani, nani ana watoto wengi. Alihesabu tena kutoka mwanzo. "Bakienda, yaya, minye sitabakia na kitu."

"Ukiogopa, uache kozi. Bado iko wakati."

"Naogopa," alisema. "Na siiachi."

Nilikaripia kikombe kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kukaripiwa. Nilitaka kulia, na mimi silii mbele ya watoto wa mama yangu.

Alfajiri ya kwanza nilivaa kitenge changu cha zamani kuliko vyote, na hata hicho nilikuwa nimekipiga pasi. Wanunuzi walikuwa wamejaa na mabeseni yao, na bwana wa kipe ya jirani amesimama na mikono nyuma, akinitazama kwa tabasamu ambalo halikuwa la salamu. Mitumbwi ilitoka kwenye ukungu mmoja baada ya mwingine. Niliijua yetu kwa rangi. Niliingia majini mpaka magotini, kama nilivyofundishwa, na baridi ikanipanda mpaka meno. Nikanyoosha mkono, nikaita kama ninavyoita wenye mizigo wanaotoka Bujumbura.

"Mumepata?"

Hakuna aliyejibu. Makasia yaliacha kupiga maji. Kipe ikasimama pale, karibu kiasi kwamba nilimwona Ildephonse ameshika kamba mkononi, na hakuitupa. Wanunuzi nyuma yangu walisogea waone. Yule bwana akakohoa. Nilisimama na mkono wangu hewani, nisielewe nimekosa nini. Nimeuza tangu usichana wangu. Mtu akija na mzigo, unamuuliza kuhusu mzigo.

Mzigo. Ndipo nikamsikia baba. Si mzimu, usinitafutie mambo. Nilimkumbuka tu, sauti yake ya asubuhi ambayo niliisikia utoto wangu wote nikiwa nimekaa mbali juu ya jiwe na vidole puani. Hakuwahi hata siku moja kuwauliza kuhusu samaki kwanza. Na Honorine pia, bila shaka, hakuwahi. Alinieleza mabeseni na watoto na pande za kukaa, hakunieleza hilo, kwa sababu nani anamfundisha mtu wa Kalundu jambo kama hilo?

Niliingia zaidi. Maji yalifika kiunoni, kitenge kikaelea kunizunguka, na pasi yangu yote ikaenda.

"Mumerudia?" niliita, nikiuliza kama watu wenyewe wamerudi salama.

"Tumerudia," alisema Ildephonse.

"Bote?"

"Bote, mama mukubwa."

Kamba ikaja. Iliniangukia begani, nzito, imelowa, na nikaishika kwa mikono miwili na kuvuta kama mtu aliyezaliwa kwa kazi hiyo. Vainqueur aliruka majini kunisaidia bila mzaha wowote. Mchangani niligawa mboga. Niligawa vibaya, nikampa mwenye watoto wengi sehemu ya asiye na mke, wakanisahihisha wenyewe kwa kubadilishana, wakicheka. Ildephonse alikuja wa mwisho. Alitandaza kitambaa chake, nikaweka samaki, akakifunga taratibu. Alisimama akilitazama ziwa, kama anayepima upepo.

"Umwambie Mama Shalom asome muzuri," alisema. "Leo jioni tunatoka."

Nikamjibu kwa heshima kwamba nitamfikishia. 

Bwana wa kipe ya jirani alikuwa bado pale. Labda aliona mambo hayajaisha, maana alisogea, akawauliza wavuvi wetu kwa sauti ya kusikika pwani nzima, "Na mama yenu iko wapi leo? Amebachoka?"

Nilikuwa tayari. Nilikuwa nimelowa mpaka kiunoni, nanuka ndagala, na nilikuwa nimeandaa maneno tangu Jumamosi ile: ni mdogo wangu, tumbo moja, na kozi gani, na kwa nini, na wewe na injini yako mpya unajua nini. Nilivuta pumzi.

"Iko ku masteri!" Vainqueur alipiga kelele kabla sijafungua mdomo, na wanunuzi wote wakageuka. "Mama yetu iko anasoma Finansi! Siye njo tulimutuma!"

Wengine wakaitikia, na beseni likapigwa kama ngoma. Hata Ildephonse, mtu wa kutoinua kichwa, alikuwa amekiinua. Watu waliochoka, wenye macho mekundu, wamesimama pale na samaki wao kwenye vitambaa, wanajivunia kozi ya Fedha za Miradi kana kwamba wao ndio watakaofanya mtihani. Maneno yangu yote nikayameza, nikawaachia wao.